Askari Mmoja na Ngome Mbili: Tuwafundishe Vijana Kumaliza



Wapendwa wasomaji, juma hili naomba radhi kwamba sitaandika juu ya masomo ya Dominika. Nataka kuandika juu ya mchezo wa sataranji, ule ambao vijana wetu huuita chesi, na tena juu ya sehemu yake moja tu: zile hatua za mwisho ambapo kete karibu zote zimekwisha kuondoka ubaoni, na kila upande umebaki na mfalme, ngome, na labda askari mmoja. Najua baadhi yenu mtatabasamu na kusema kwamba Paroko amekosa la kuandika. Nawasihi mvumilie mpaka mwisho, kwa sababu Halmashauri Walei itakutana hivi karibuni kuamua kama chumba cha vijana kiendelee kutumika Jumamosi kwa mchezo huu au kigeuzwe stoo ya viti. Mimi nina maoni yangu, na ni haki mkayajua kabla ya kikao.

Nianze na tukio lenyewe. Miezi michache iliyopita, mwishoni mwa masika, tuliwaalika vijana wa parokia jirani kucheza nasi. Kijana wetu mmoja wa kidato cha pili alicheza vizuri mno. Mpaka kufikia saa sita mchana alikuwa na mfalme, ngome na askari aliyebakiza hatua moja tu kufika mwisho wa ubao na kupandishwa cheo kuwa malkia. Mpinzani wake alikuwa na mfalme na ngome basi. Kila aliyesimama pale alijua nani mshindi. Wenzake walikwisha kuanza kumpigia makofi. Lakini mfalme wake alikuwa amesimama mbele ya askari wake mwenyewe na kumzibia njia. Akamtoa, ngome ya mpinzani ikampa cheki. Akasogea, cheki tena. Akakimbia upande huu na upande ule, akarudi alikotoka, akatoka tena. Baada ya nusu saa ya kuhangaika, kwa uchovu na hasira, akamwacha askari wake bila mlinzi. Askari akaliwa. Sare.

Hakulia mbele za watu. Alikuja kwangu nyuma ya ukumbi na kuniambia neno moja: “Padre, nilikuwa nimeshinda.” Kisha hakuonekana kwa Jumamosi mbili.

Jumatatu iliyofuata alikuja ofisini bibi yake, mama mtu mzima anayemlea tangu utotoni. Baada ya salamu akaniuliza bila kuzunguka: “Baba Paroko, kama ni mchezo, mbona unamliza mtoto? Nimemtoa shambani kulinda ndege ili aje kwako. Huko shambani angalau angeokoa uwele.” Nikajaribu kumweleza kilichotokea, kwamba mjukuu wake alikuwa ameshinda kisha ikamponyoka. Akanitazama kwa muda, akasema: “Basi kama uwele ulikuwa umeiva, nani alimfundisha kulinda ndege?”

Ndugu zangu, sikuwa na jibu, kwa sababu aliyepaswa kumfundisha ni mimi. Sisi tunaoishi nyanda hizi za kati tunalijua vema jambo alilolisema bibi yule. Mkulima wa Bahi, wa Chamwino au wa Kongwa hulima, hupanda, hupalilia, huomba mvua, na mvua ikija kwa bahati hushukuru. Kisha uwele unapokomaa huja makundi ya kwelea kwelea, na kazi ya miezi mingi huweza kupotea kwa siku chache. Hakuna mkulima wa hapa anayesema kwamba kulinda ndege ni nyongeza ya kilimo. Ni kilimo chenyewe. Kwa nini basi katika mambo mengine tunafundisha kupanda tu?

Nikiri kosa langu wazi. Nilijifunza sataranji seminarini, jioni baada ya michezo ya uwanjani, na nilijifunza kama vijana wengi wanavyojifunza: mitego ya mwanzo. Kuna mtego maarufu wa hatua nne ambao humfunga mtu asiyeujua kabla hajanywa chai yake. Nilipoanza kuwafundisha watoto hapa parokiani, nikawafundisha hayo hayo, kwa sababu yanapendeza na yanaleta ushindi wa haraka. Hata hivyo ushindi wa namna hiyo hudumu mpaka mpinzani naye ajifunze mtego. Baada ya hapo mchezo unakuwa mrefu, na mtoto anafika mahali ambapo mwalimu wake hajawahi kumpeleka.

José Raúl Capablanca wa Cuba, aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia mwaka 1921 hadi 1927, alishikilia kwamba mwanafunzi aanze kujifunza kutoka mwisho. Sababu yake ni rahisi kueleweka. Mwanzoni kuna kete thelathini na mbili ubaoni, na hakuna awezaye kuona yote yatakayotokea. Mwishoni kuna kete nne au tano, na nguvu halisi ya kila moja inaonekana wazi. Aliyejua kete nne zinafanya nini zikiwa peke yake, ataelewa zinatafuta nini zikiwa katika msongamano.

Na kati ya miisho yote, ule wa ngome na askari ndio hutokea mara nyingi zaidi. Ngome huanza mchezo zikiwa pembeni kabisa, zimezibwa na kete nyingine, kwa hiyo huchelewa kuingia vitani. Farasi, maaskofu na malkia huwa wamekwisha kubadilishana na kuondoka, ngome zingali hai. Ndiyo maana kijana asiyejua mwisho huu hakukosa somo la pembeni. Amekosa somo ambalo atakutana nalo tena na tena.

Sasa naomba wenye ubao wauweke mezani. Wasio nao wanaweza kuchora miraba kwenye karatasi na kutumia vizibo vya soda. Safu za wima huitwa kwa herufi a mpaka h, na mistari ya mlalo kwa namba 1 mpaka 8. Mweupe huanzia chini, kwenye mstari wa kwanza.

Weka mfalme mweupe d8, askari wake d7, na ngome yake f1. Mweusi ana mfalme g7 na ngome c2. Hii ndiyo hali aliyokuwa nayo kijana wetu, na ni zamu ya Mweupe. Tazama kwanza kwamba ngome nyeupe imesimama kwenye safu ya f kama ukuta. Mfalme mweusi hawezi kuuvuka ukuta huo kumsogelea askari. Hilo ni jambo jema. Lakini mfalme mweupe akitoka mara moja kwenda e7, ngome nyeusi itampa cheki e2, kisha d2, kisha popote, na hatapata pa kujificha.

Hatua sahihi haionekani kuwa ya ushindi hata kidogo. Ngome nyeupe inapanda kutoka f1 kwenda f4, na kusimama pale kimya. Mweusi hana la maana la kufanya; tuseme anasogeza ngome yake c1. Sasa mfalme anatoka: e7. Cheki kutoka e1. Mfalme d6. Cheki kutoka d1. Mfalme e6. Cheki kutoka e1. Mfalme d5. Cheki kutoka d1. Na hapo ile ngome iliyosimama kimya kwenye mstari wa nne inasogea d4, mbele ya mfalme wake, na kuizuia cheki. Mweusi hana cheki nyingine ya kumwokoa, na askari anakuwa malkia.

Wachezaji huita njia hii kujenga daraja. Hali hiyo hubeba jina la Lucena, Mhispania aliyechapisha kitabu cha sataranji mwaka 1497, ingawa haimo katika kitabu chake. Ilichapishwa na Mwitaliano Salvio mwaka 1634. Kwetu la muhimu ni kanuni yenyewe. Kijana wetu alikuwa na nguvu zote za kushinda. Kilichokosekana ni hatua moja ya maandalizi kabla ya kutoka. Alimtoa mfalme kwanza, akatafuta kimbilio baadaye. Wahenga walisema usimtukane mamba na mto hujauvuka. Hapa naongeza kwamba hata mto wenyewe usiuingie kabla hujaweka daraja.

Somo la pili ni la upande wa pili, upande wa anayezidiwa, nami naliona la lazima sawasawa na la kwanza. Weka mfalme mweupe d5, askari wake e5, na ngome yake h7. Mweusi ana mfalme e8 na ngome a6. Mweupe ana askari mmoja zaidi, na mtu angedhani amekwisha kushinda. Sivyo. Mfaransa Philidor alieleza katika toleo la kitabu chake la mwaka 1777 jinsi ya kujitetea. Ngome nyeusi inabaki kwenye mstari wa sita, ikisogea huku na huko kwenye mstari huohuo, na mfalme mweupe hawezi kuingia. Siku Mweupe atakapochoka kungoja na kumsukuma askari mpaka e6, amejinyima mwenyewe mahali pa kujificha. Hapo hapo ngome nyeusi inashuka mpaka chini kabisa, a1, na kuanza kutoa cheki kutoka nyuma, mbali, bila mwisho. Sare.

Basi mtoto aliyefundishwa haya mawili anajua jambo ambalo watu wazima wengi hatulijui: kuna hali inayoonekana ngumu ambayo imekwisha kushindwa ukijua njia, na kuna hali inayoonekana imeshindwa ambayo haitashindwa kamwe mpinzani akijua kazi yake. Kutofautisha hizo mbili ndiyo elimu.

Somo la tatu ni juu ya kuhesabu. Watoto wetu, na sisi pia, tunapenda kuhesabu mali: ana askari watano, mimi nina wanne, basi anashinda. Katika miisho ya ngome hesabu hiyo hudanganya. Huko New York mwaka 1924, Capablanca alicheza na Tartakower, wakafika kwenye mwisho wa ngome. Bingwa yule akawaachia askari wake wawili waliwe, na wote wawili wakaliwa kwa cheki, ili tu mfalme wake apate njia ya kupanda ubao hatua kwa hatua mpaka f6, ndani kabisa ya eneo la adui, akamsaidie askari mmoja wa g. Askari waliopotea hawakumdhuru, kwa kuwa mfalme na ngome na askari mmoja walikuwa wanafanya kazi pamoja, na vya Tartakower vilikuwa vimetawanyika. Ndiyo maana huwaambia vijana: ngome yako ikae nyuma ya askari anayepanda, isikae mbele yake kumzibia, na mfalme wako, ambaye ulimficha tangu asubuhi, mwishoni mtoe afanye kazi.

Naona sasa Mwenyekiti wa Halmashauri akisema: “Baba Paroko, haya ni mazuri, lakini yanahusu nini Kanisa?” Swali ni halali, na si geni. Karibu mwaka 1061 Mtakatifu Petro Damiani, akiwa Kardinali, alimwandikia Papa Aleksanda wa Pili kumlalamikia Askofu wa Florence kwa kucheza sataranji safarini. Kwa hiyo wanaonishuku wana mtakatifu upande wao. Lakini nami ninaye wangu. Mtakatifu Teresa wa Avila, Mwalimu wa Kanisa, alitumia mfano wa sataranji alipowafundisha watawa wake sala katika kitabu chake cha Njia ya Ukamilifu, na mwaka 1944 huko Hispania alitangazwa kuwa msimamizi wa wachezaji wa mchezo huo.

Ila ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa mtu ambaye wengi wenu hamjapata kumsikia. Ni Padre Fernando Saavedra, Mhispania wa Shirika la Wapasionisti, aliyeishi miaka ya 1849 hadi 1922. Wazee wetu wa Dodoma mnawajua Wapasionisti. Ni shirika hilo, kwa wamisionari wake kutoka Italia, lililokabidhiwa Prefektura ya Kitume ya Dodoma ilipoundwa mwaka 1935. Askofu wetu wa kwanza, Anthony Jeremiah Pesce, alikuwa mmoja wao. Na Kanisa Kuu letu lina jina la mwanzilishi wao, Mtakatifu Paulo wa Msalaba. Padre Saavedra yeye hakuja Afrika kwa habari hii ninayoisimulia. Alikuwa Glasgow, huko Uskoti. Hakuwa mchezaji mashuhuri. Anakumbukwa kwa hatua moja tu.

Mwezi Mei 1895, mwandishi wa safu ya sataranji katika gazeti moja la Glasgow, aitwaye Barbier, alichapisha hali ifuatayo. Mweupe ana mfalme b6 na askari c7. Mweusi ana mfalme a1 na ngome d5. Mweusi anaanza, naye Barbier akaonyesha kwamba mwisho wake ni sare. Fuata nami. Ngome inatoa cheki d6, mfalme b5. Cheki d5, mfalme b4. Cheki d4, mfalme b3. Cheki d3, mfalme c2. Sasa ngome haina tena cheki ya maana, na inaonekana mambo yamekwisha. Lakini inarudi d4, na huo ni mtego. Askari akipanda c8 na kuwa malkia, ngome inakwenda c4 kwa cheki. Malkia asipoila, atapotea yeye. Akiila, mfalme mweusi anabaki pembeni bila kushambuliwa na bila mraba wa kwenda, na kwa sheria ya mchezo hiyo ni sare.

Wote waliotazama waliona malkia, kwa kuwa nani asiyetaka malkia? Padre Saavedra akauliza: je, askari akipanda na kuchagua kuwa ngome tu? Jaribu. Askari c8, anakuwa ngome. Ngome nyeusi ikienda c4 sasa, inaliwa, na mfalme mweusi bado ana pa kwenda, yaani a2; hakuna sare. Na ngome nyeupe inatishia kwenda a8 na kumfunga mfalme. Mweusi hana budi kuweka ngome yake a4. Mfalme mweupe anakwenda b3. Kwa hatua hiyo moja anaishambulia ngome ya a4, na wakati huohuo ngome yake inatishia kushuka c1 na kumaliza mchezo. Mweusi hawezi kuzuia yote mawili. Barbier alichapisha ugunduzi huo mwezi uleule, na mpaka leo hali hiyo hujulikana duniani kote kwa jina la padre yule.

Sitaki kuigeuza habari hii kuwa mahubiri, inajieleza yenyewe. Nataka mwone tu kilichomfikisha pale. Hakuwa na akili kuwashinda mabingwa. Alikaa na kete nne mpaka mwisho, wakati wengine walikwisha kufunga ubao kwa kuamini kwamba jibu limepatikana.

Wapo wanaosema kwamba mchezo huu ni wa matajiri au wa Wazungu, nasi tunao wa kwetu. Kuhusu Wazungu, mchezo ulianzia India, ukapita Uajemi na kwa Waarabu, na neno letu sataranji limetokana na jina la Kiarabu. Ulaya wameupokea baadaye. Kuhusu matajiri, someni habari za Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala. Robert Katende alipoanza kuwafundisha watoto wa mtaa ule sataranji, wengi walivutwa kwanza na kikombe cha uji. Phiona alitokea humo akaiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji, na kule Istanbul mwaka 2012 akastahili cheo chake cha kimataifa. Na kuhusu michezo yetu, sina ugomvi nayo. Wazee wanaocheza drafti chini ya mwarobaini na wanaocheza bao wanajua vizuri zaidi yangu kwamba mshindi hupimwa kwenye kete za mwisho. Ningefurahi wakija Jumamosi kuwafundisha watoto hilohilo kwa mchezo wao.

Sisi wa Dodoma, kuliko watu wengine wa nchi hii, tunapaswa kuheshimu sanaa ya kumaliza. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa mwaka 1973. Serikali ilianza kuhamia kwa dhati mwaka 2016, na sheria ikapitishwa mwaka 2018. Watu waliozaliwa mwaka wa uamuzi walikuwa na wajukuu kabla mambo hayajakamilika. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Nasema kwamba uamuzi mzuri na mwanzo mzuri havikutosha, ilihitajika kazi ya pili, tofauti na ya kwanza, na kazi hiyo ina maarifa yake.

Maoni yangu, basi, ni haya. Kwanza, chumba cha vijana kibaki. Pili, kuanzia sasa sitafundisha mtego wowote wa mwanzo kwa mtoto ambaye hajajua kumfunga mfalme kwa ngome moja, kujenga daraja, na kujitetea kwenye mstari wa sita. Najua wachache watachoka na kuondoka. Nakubali hasara hiyo. Tatu, siombi fedha. Tunazo mbao sita; askari waliopotea tumewabadilisha kwa vizibo vya soda na mchezo unakwenda. Ninachoomba ni mtu mzima mmoja au wawili wa kukaa na watoto Jumamosi mchana ninapokuwa vigangoni, wala si lazima wajue mchezo. Wajue tu kumwambia mtoto aliye karibu kushinda: kaa chini, bado.

Mtapenda kujua habari za yule kijana. Alirudi. Nilimkalisha kwenye meza moja nikampangia hali ileile iliyomshinda, nikamwonyesha ngome ikipanda f4. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, “Kumbe ni hiyo tu.” Nikamwambia ndiyo, ni hiyo tu, na kwamba mimi ndimi niliyepaswa kumwonyesha mapema. Nikamwomba radhi.

Jumamosi iliyopita alicheza na binti mmoja wa parokia yetu, mdogo kwake kwa umri. Wakafika tena kwenye mwisho wa ngome, yeye akiwa na askari mmoja zaidi. Lakini binti aliiweka ngome yake kwenye mstari wa sita na kutulia. Kijana akajaribu njia moja, akajaribu ya pili. Kisha akanyoosha mkono mwenyewe, wakakubaliana sare. Alipopita karibu nami nilimuuliza kama ameumia. “Hapana, Padre,” akasema, “hii haikuwa ya kushinda. Ile nyingine ndiyo ilikuwa yangu.”

Bibi yake nilimkuta Jumapili nje ya kanisa. Nilimweleza. Akauliza kama mjukuu atakuwa huru msimu ujao uwele utakapoanza kuiva. Nikamwambia kwamba wiki hizo tutafunga chumba cha vijana, ili kila mtoto aende akalinde ndege kwao. Naona hilo nalo Halmashauri ilipitishe.

Mungu awabariki.

Padre wenu, Paroko